Suti Mbili Bafuni

Juzi nilikuwa napita mbele ya duka la dobi, mlango ukafunguka, na harufu ya sufu iliyopigwa pasi ya mvuke ikanijia usoni. Nikasimama pale kando ya barabara kama mtu aliyesahau anakokwenda. Ghafla nilikuwa na miaka kumi na mmoja tena, katika nyumba yetu ya ghorofa ya kumi na nne kule Kingsview Village, Toronto, ambako ndege zilishuka karibu mno na madirisha hata tukazoea kukatiza mazungumzo na kuyaendeleza zikishapita.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Wanawake wa ushirika wetu wa maombi, Wakenya wenzetu, walijua anashona "kiwandani," naye hakuwasahihisha. Ukweli ni kwamba alikuwa anawashonea waigizaji wa tamthilia moja ya televisheni iliyorekodiwa hapa hapa Toronto, habari za wanaume wawili waliopendana na kuishi pamoja. Mimi na dada yangu Pendo, aliyekuwa na miaka kumi na saba, tulikatazwa kuitaja mbele za watu. "Kazi yangu niachieni mimi," mama alituambia, nasi tukaitikia kwa Kiingereza, kama tulivyoitikia kila kitu.

Niliogopa kila siku kwamba siri ile ingeniponyoka mdomoni. Kisha Jumamosi moja Mama Neema, aliyeuongoza ushirika, akafika amefura kwa hasira. Alikuwa ameliona tangazo la tamthilia hiyo ubavuni mwa basi.

"Watoto wetu wanafundishwa nini?" aliuliza. "Leo tuombe kitu kimoja tu. Ifutwe!"

Tukashikana mikono. Mama alisema amina, kwa sauti ya chini lakini alisema. Mimi niliomba kwa moyo wangu wote, na sitawaficha sababu: nilikuwa nimechoka kuogopa. Niliwaza kwamba tamthilia ikiisha, hakutakuwa na siri ya kulinda.

Wiki chache baadaye mama alirudi kutoka kazini mapema, akaketi jikoni bila kuvua koti lake.

"Imefutwa," alisema. "Hawaendelei tena. Hata ile harusi ya wale wawili haitarekodiwa."

Kwa ajili ya harusi hiyo alikuwa ameshona suti mbili za rangi ya malai, na wiki ile alikuwa amezileta nyumbani amalizie vifungo kwa mkono. Niliziangalia zikining'inia nyuma ya mlango wa chumba chake, nikajua kwa hakika ya mtoto kwamba ni mimi niliyemfukuzisha mama kazi. Sikumwambia mtu.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu yetu kukaribisha ushirika. Ilikuwa baridi kali, na wageni wakati wa baridi huweka makoti yao juu ya kitanda chumbani mwa mama. Sauti ya Mama Neema ilikuwa tayari inatoka kwenye lifti tulipozikumbuka zile suti. Mimi na Pendo tukazikimbiza bafuni, tukazitundika kwenye fito ya pazia, tukalivuta pazia. Kwa nyuma yake zilionekana kama mabwana wawili wanaooga na nguo zao. Nilibanwa na kicheko. Pendo hakucheka.

"Bwana asifiwe!" Mama Neema alianza, hata kabla ya chai. "Mmesikia? Ile takataka imeondolewa!"

Wakapiga makofi. Mama aliendelea kumimina chai. Mimi niliketi karibu na mlango wa bafu, nikimchunguza kila aliyejisogeza kitini, nikimwomba Mungu asimpe yeyote haja ndogo.

Ndipo kengele ya mlango wa chini ikalia. Pendo akaenda kwenye simu ya ukutani, akasikiliza, akafunika kinywa cha simu kwa kiganja.

"Ni Martin," alisema. Huyo alikuwa mkuu wa mama kazini, aliyeahidi kuzifuata suti jioni. "Amewahi. Nimwambie asubiri chini, nimpelekee?"

Njia ya kuificha siri ilikuwa nyeupe kabisa. Mama alimtazama Pendo. Ndege ikapita, madirisha yakatetemeka, naye bado anamtazama tu.

"Mwambie apande," alisema.

Martin aliingia macho mekundu, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akasema "jambo," neno pekee la Kiswahili alilolijua. Mama akaweka birika chini.

"Huyu ni Martin. Mimi na yeye tulikuwa tunaishonea ile tamthilia mliyoiombea ifutwe. Nilipofiwa na mama yangu, yeye na mume wake walituletea chakula hapa kila siku."

Kikombe cha mtu kiligonga kisahani.

"Mama Pendo," alisema Mama Neema polepole, "si hata wewe ulisema amina?"

"Nilisema. Na sijalala vizuri tangu siku hiyo. Lakini humu ndani hatutaomba hivyo tena."

Mama Neema alilifuata koti lake, na wawili wakamfuata. Waliobaki walikula chapati bila kuangaliana. Pendo alizitoa suti bafuni, akampa Martin mbele ya wote. Ushirika haukuja tena kwetu, na mama alikaa bila kazi hadi theluji ilipoyeyuka, alipopata kazi kwa mshonaji wa magauni ya harusi.

Miaka mingi niliamini mama alikuwa amemtetea Martin, basi. Kisha mwaka juzi, tukiwa garini kuelekea Mississauga, Pendo akanieleza kwamba anapenda wanawake, na kwamba alilijua hilo tangu ana miaka kumi na sita. Jioni ya yale maombi ya kutaka tamthilia ifutwe alikuwa amefunga begi lake na kulisukuma chini ya kitanda tulicholalia wote wawili. Alikuwa amepanga kuondoka Jumatatu baada ya ile Jumamosi ya wageni wetu. Hakuondoka.

Nilimuuliza mama kama alijua.

"Habari ya begi sikujua," alisema. "Nilichojua ni kwamba nina mtoto ananiogopa tangu ile amina."

Nami nilikuwa nimeketi karibu nao siku ile, roho mkononi, nikidhani hofu yote iliyokuwa ndani ya nyumba ile ilikuwa yangu peke yangu.