Shamba Upande wa Kushoto

Katika darasa la mwisho la Commerciale, mkondo wa biashara wa sekondari, kule Butembo, Solange ndiye aliyejua bilan kuliko wote. Bilan haina uchawi: kushoto unaandika mali uliyo nayo, ndiyo actif, kulia unaonyesha mali hiyo ilitoka wapi. Wenzake walitoka jasho juu ya jambo hilo. Yeye alilicheka, mpaka siku alipoambiwa aandike bilan ya nyumbani kwao.

Ilikuwa kazi ya jury. Kila mwanafunzi achague biashara ya familia yake, kisha aitetee mbele ya watu wasiomjua. Mmoja alichukua duka la mjomba, mwingine meza ya samaki ya shangazi. Solange alichukua shamba la kakao la baba yake, Jéthro, kule Mbau. Akaliandika kushoto, juu kabisa.

Shamba lilikuwepo, hilo sibishi. Lakini vita viliwafukuza, familia nzima ikaja kubanana katika chumba kimoja Butembo. Kakao haina subira, ikiiva ukaiacha inaoza mtini, basi Jéthro akarudi kuvuna. Pikipiki yake ilikutwa njiani imeungua. Yeye hakuonekana, si mzima si maiti. Mwaka wa pili sasa ulikuwa unaisha, na mkewe Kasika hakukubali matanga. Waliokuja kumpa pole aliwauliza, "Matanga ya nani? Mulimuzika wapi?" Wakarudi walikotoka.

Mwalimu wao, Monsieur Gérard, alipenda kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali nzuri, tena ya kweli. Ila ipo mali inayopotea daftari likiwa wazi mezani na kila mtu anatazama, na juu ya hiyo Monsieur Gérard hakuwa na methali. Alipoona kazi ya Solange alikuna kichwa.

"Hii shamba, leo mutu anaweza kufika kule?"

"Hapana, Monsieur."

"Nani anavuna?"

"Sijue."

"Donc haiko tena actif. Toa pale, andika perte, hasara. Ukiiacha, jury itakuangusha."

Alisema kwa upole, lakini Solange alirudi nyumbani bila kufuta kitu. Jioni alipokuwa akirudia masomo yake kwa sauti, mama yake aliinua uso kutoka kwenye sufuria ya mboga ya sombe.

"Perte ya nini?"

"Ni masomo tu, mama."

"Ile shamba iko na mwenyewe. Ukiitoa, unamutoa na yeye. Usinifanyie vile, mutoto yangu." Akakoroga sombe kidogo. "Na ukikosa diplôme, mimi naenda Mbau kuvuna. Batoto hawatakula bilan."

Hakuwa akitishia. Mzee Idi wa Beni, ambaye zamani gari lake lilibeba kakao ya Jéthro, alikuwa ameahidi: Solange alete diplôme, bureau yake iko na kiti cha kazi. Hakukuwa na mlango mwingine. Bila kiti kile, Kasika angefunga kitenge chake vizuri na kupanda pikipiki kuelekea Mbau.

Solange alikosa usingizi kwa hofu. Akiliacha shamba kushoto, anaanguka, na mama anakwenda. Akilitoa, anamzika baba yake kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wageni. Alijaribu kutafuta upande wa tatu wa bilan. Haupo.

Siku ya jury aliingia akiwa bado na shamba kushoto. Alichora kila kitu ubaoni bila kosa. Kisha mzee mmoja wa jury, mwenye miwani iliyoteleza puani, akauliza kama mtu anayeuliza saa:

"Mademoiselle, hii shamba munaifikia?"

Solange akatazama ubao. Akamwona mama yake juu ya pikipiki, katika barabara ileile. Akachukua kitambaa, akafuta neno shamba, akaliandika upya chini.

"Hapana. Ni perte."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu baba alikufa."

Alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo, hata peke yake. Yule mzee akavua miwani, akasema pole pole, "Umejibu muzuri. Umepita."

Nje ya lango Kasika alikuwa amesimama na kopo la poda. Kwetu mtoto akifaulu humwagiwa poda kichwani mpaka mji mzima umjue, na Kasika alikuwa ameliazima kopo hilo kwa jirani tangu asubuhi.

"Umepita?"

"Nimepita, mama."

Kasika akafungua kopo. Mkono ukasita.

"Shamba uliweka wapi?"

Angeweza kudanganya. Hakuwa na nguvu ya kudanganya.

"Katika perte, mama."

Kasika akafunika kopo, akaketi chini kwenye vumbi, akavua kitambaa cha kichwa. Kilio alichokuwa amekizuia muda wote ule kikatoka, akimwita Jéthro kwa jina. Solange akapiga magoti, akamkumbatia, wakalia pamoja.

Wanawake waliokuwa wakingoja watoto wao wakaona kichwa cha Solange hakina poda, wakasogea kwa huruma. Mmoja akamgusa Kasika begani.

"Pole, mama. Usilie vile. Mwaka kesho atajaribu tena."