Pia, Debe na Ndege ya Dama

Enzi zetu pale Magongo, Mombasa, karibu na uwanja wa ndege, ndege zilipita chini chini juu ya mabati mpaka sahani zikalia kabatini, na hakuna mtoto aliyeinua shingo. Tulikuwa na kazi zetu. Tulichonga pia za mti wa mpera, tukazizungusha juu ya kigae, kisha tukakiinamisha kigae huku na huku. Pia haina habari, imesimama wima vile vile. Kijana wa leo ukimpa pia ataigeuza atafute pa kuchaji.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa kipofu. Unafungwa leso machoni, unazungushwa mara saba, kisha uufikie mnazi. Mwenzako anapiga debe pale mnazini ili ufuate mlio. Siku yangu debe lilikuwa na Kadzo, binti wa jirani, nami nilikuwa na kichwa cha jiwe. Debe lalia kushoto, kichwa chaniambia kulia. Nikaona Kadzo anifanyia hila. Nikatembea kwa maringo, nikaingia mzima mzima kwenye sufuria ya mbaazi za mamake. Bahati zilikuwa zishapoa. Mamangu alinichapa kwanza, akaniuliza baadaye: "Masikio ulimwachia nani?"

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya binti yangu Dama, anayesomea urubani. Huyo hafiki soko la Kongowea bila simu kumwambia pinda hapa, lakini alianguka mtihani kwa kukataa kuambiwa! Alivishwa kofia ya kumziba asione nje, aongoze ndege kwa saa za vipimo zilizo mbele yake tu. Mwili ukamwambia ndege imelalia kulia, saa ikasema imenyooka. Akaamini mwili. Akabakishiwa jaribio moja. Akianguka tena, afunge virago.

Alikuja nyumbani macho mekundu. "Baba, nahisi kabisa naanguka!"

Nikamwambia anieleze hizo saa. Ya mwendo ina kidomo nje ya ndege kinachopokea upepo: upepo ukisukuma zaidi, sindano inapanda. Ya kimo ina kikopo kilichozibwa. Ukienda juu, hewa ya nje hupungua nguvu, kikopo kikavimba na kuisukuma sindano. Na ile iliyomponza? "Ndani mna gurudumu linazunguka kwa kasi. Ndege ikilala, lenyewe halilali."

"Mwanangu, si pia hiyo?" Vitabu vyote vile, kumbe wanaeleza pia! Nikamsimulia na debe na mbaazi. Alicheka mpaka akalia upya.

Wiki iliyofuata akapiga simu. "Kichwa kilisema kulia, Baba. Nikafuata debe. Nimepita!" Nililia, sifichi. Sisi tulipokosea tuliangukia mbaazi. Watoto wetu huko juu hawana sufuria ya kuwapokea.

Akanialika chakula cha mchana kwake, chumba alichopanga Bombolulu, akanitumia ramani kwenye simu. Ati ramani! Mimi mzaliwa wa Mombasa nielekezwe na simu? Nikenda kwa uhakika wangu, na jua la utosi likanikuta Mtopanga, sijui nyuma wala mbele. Ikabidi nimpigie.

"Simu inasemaje, Baba?"

"Inasema nirudi nilikotoka. Lakini mimi nahisi..."

Akanikatiza.

"Masikio ulimwachia nani?"

Mamangu ni marehemu miaka mingi sasa, na sauti ilikuwa yake kabisa. Nikageuka, nikarudi nilikotoka.