Kibali cha Jambia la Babu

Siku ninayoikumbuka zaidi, mwanangu, ni ile niliyosimama kwenye foleni ya kituo cha polisi, mvua ikinichuruzika ndani ya kola, nikiwa na ombi moja tu: nipewe kibali cha kubeba jambia. Nilikuwa kijana, nimebakiwa na wiki chache nioe, na nilidhani polisi ndio watu wa kuulizwa. Juzi ulinipigia simu ukaniuliza jambo hilo hilo kwa ajili ya harusi yako, nikakujibu kwa mkato. Nilikuwa njiani natoka dukani, na tangu mama yako atutoke bado sijazoea kubeba mifuko yote peke yangu. Sasa nimekaa, chai ipo, acha nikujibu sawasawa.

Jambia lenyewe unalijua, lile la kabatini, mpini wa pembe, ala yake ina nyuzi za fedha zilizoanza kuwa nyeusi. Lilikuwa la babu yangu mzaa baba, wa Lamu. Kwetu bwana harusi huvaa joho na kilemba, na jambia kiunoni, na asipokuwa nalo watu humuuliza kama amekuja kuoa au kusindikiza. Babu alioa nalo, na baba akaoa nalo. Baba alifariki mimi mdogo, kwa hiyo kwa mama yangu lile jambia lilikuwa ni baba mwenyewe akija harusini.

Mjomba wangu Shee alilileta kutoka Lamu ndani ya sanduku la kupakiwa chini ya ndege, limezungushiwa kikoi, na mama akaja naye. Alipoingia chumbani kwangu pale Barking, mashariki ya London, kabla hajavua buibui, aliniuliza, "Utalivaa?"

"Nitalivaa, mama."

"Maana usipolivaa, mimi nitakaa ndani ya gari mpaka harusi iishe. Dua nitakuombea humo humo."

Wewe bibi yako ulimkuta amezeeka, mpole. Mimi nilimkuta kabla ya hapo. Nilijua atakaa ndani ya gari kweli.

Shida ilikuwa hii. Wakati ule nilikuwa dereva wa gari la kusambaza bidhaa madukani, na mwenzangu wa kazini alikuwa ameniambia, "Hapa London mtu akikutwa na kisu barabarani, ahirisha harusi, tafuta wakili." Ukumbi wetu ulikuwa Harrow, karibu na kwao mama yako. Kutoka Barking hadi Harrow ni kulivuka jiji zima. Nikasema basi, nitafute kibali. Sisi tumelelewa hivyo. Kwetu hata ngoma ya harusi ikipita barabarani kuna barua ya chifu imetangulia. Sikufikiri hata kidogo kwamba kuna jambo duniani lisilokuwa na barua yake.

Ndipo nikajikuta kwenye foleni. Mama mmoja wa mapokezi, nyuma ya kioo, akaniuliza, "Kibali cha nini?"

"Cha kubeba jambia."

"Ndiyo nini hiyo?"

Nikamwonyesha urefu wake kwa mikono. "Kisu. Kisu cha harusi."

Jamaa wa nyuma yangu, aliyekuja kulalamika kwamba baiskeli yake imeibwa, akarudi nyuma kidogo.

"Unacho hapa sasa hivi?"

"La, kiko nyumbani. Chini ya kitanda cha mama yangu."

"Na mama yako anakifanyia nini?"

"Anakilinda."

Yule jamaa wa baiskeli akaondoka kabisa. Sijui kama aliwahi kuipata.

Akaitwa askari mmoja, mtu mzima, mwenye adabu. Akaniambia kibali cha kubeba kisu hakitolewi. Hakipo. Sheria inataka mtu awe na sababu ya maana, basi, na mavazi ya asili ya kwenu yanaweza kuwa sababu. Nikamuuliza ni nani atakayeamua kama sababu yangu ni ya maana. Akasema, "Askari atakayekusimamisha. Asiporidhika, hakimu."

Nilitoka pale nimekasirika. Nikapiga simu ofisi inayoshughulika na silaha. Kijana aliyepokea akaniuliza ni bunduki ya aina gani. Nikamwambia si bunduki. Akasikitika kweli, akasema ingekuwa bunduki ya kuwindia angalau angekuwa na fomu ya kunipa. Nikaenda halmashauri ya mtaa. Wao wanatoa vibali vya vilabu, vya muziki, vya meza za sokoni. Kuna leseni ya kutazama televisheni nyumbani kwako, mwanangu, na leseni ya kuvua samaki mtoni, na kibali cha kuegesha gari mbele ya mlango wako mwenyewe. Mimi niliyekuja kuomba kwa hiari yangu nikaambiwa hakuna. Nilijiona kama mtu anayegonga mlango uliochorwa ukutani.

Kila jioni mama yako alikuwa ananipigia simu. Hakunisalimu. Alianza tu, "Haya bwana harusi, kibali kimetoka?"

"Bado."

"Unanioa mimi au unaoa jambia? Niambie mapema, gauni nilirudishe."

"Saumu, usinicheke."

"Nisikucheke! Nimekuwa nikiwaambia wauguzi wenzangu wodini naolewa na dereva, kumbe naolewa na mwombaji."

Basi siku moja nikapeleka mzigo Southall, kwenye duka la mbao na misumari la mzee mmoja tuliyemwita Mzee Balwant. Alikuwa Singasinga, amezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko, cha haraka na cha kicheko. Alinipenda kwa sababu kwangu alikuwa anapata mtu wa kuzungumza naye lugha ya utotoni mwake.

"Wewe leo umenuna kama mtu amemeza msumari," akasema.

Nikamweleza yote: kituo cha polisi, ofisi ya bunduki, halmashauri, mama na gari. Aliposikia habari ya kisu kulala chini ya kitanda cha mama alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la saruji. Kisha akafungua koti lake, akanyanyua shati kidogo. Ubavuni, kwenye mkanda wa kitambaa uliopita begani, palikuwa na kisu kidogo ndani ya ala.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukiona, na nilikuwa nimepeleka mizigo pale zaidi ya mwaka.

"Hii iko hapa tangu asubuhi," akasema. "Nimepanda nayo basi. Jana pia. Miaka yote."

"Na kibali chako kiko wapi, mzee?"

"Hakuna! Dini yangu inaniambia nivae, na sheria ya hapa inaniachia nieleze hivyo. Basi."

"Hujawahi kusimamishwa?"

"Mara nyingi sana. Nyingine wananielewa, nyingine wananikalisha hapo mpaka chai ya nyumbani inapoa. Sasa nifanye nini, nilie?"

Akafunga koti, na uso wake ukabadilika kidogo. Hakunifokea, lakini mpaka leo namsikia. "Kijana, sikia. Wewe hutafuti ruhusa. Unatafuta karatasi iongee badala yako. Unaogopa kuulizwa. Mtu anakwenda kuoa, amevaa kitu ya babu yake, anaogopa nini kuulizwa? Mimi hii naivaa ndani nisitishe watoto wa watu kwenye basi. Lakini mtu akiniuliza, simfichi. Kuweka ndani ya nguo na kuficha si kitu moja."

Akanifundisha la kufanya. Nimwendee mwenye ukumbi mimi mwenyewe nimweleze, mapema. Jambia liwe ndani ya boksi lenye kufuli, kwenye buti ya gari, nilivae nikishafika ndani. Na polisi akitusimamisha, niseme kabla hajaona. "Na usikubali mjomba wako aongee," akamalizia.

"Umejuaje kuna mjomba?"

"Kila harusi ina mjomba."

Nikaenda kwa mwenye ukumbi, nikamweleza, naye akasema hana neno mradi libaki ndani ya ala. Hilo lilikuwa jepesi. Desturi yetu ilikuwa jambia lisichomolewe kabla ya nikahi, na sisi tulikuwa waaminifu mno kwa desturi hiyo. Tangu limetoka Lamu hakuna aliyethubutu hata kulivuta kidogo.

Siku ya harusi tukatoka Barking magari matatu. Mjomba Shee alikaa mbele karibu na dereva, mimi na mama nyuma. Buti mama aliikataa. "Baba yako haendi kwenye buti," akasema, akalipakata boksi mapajani kama mtoto. Niliogopa kubishana naye siku ile. Tulipokaribia Harrow mjomba akamwambia dereva apige honi, watu wajue kuna harusi. Dereva akapiga, magari ya nyuma yakaitikia, mama akatoa kichwa dirishani akapiga vigelegele. Watu wajue kweli. Polisi pia wakajua.

Gari lao lilipotusimamisha, mjomba aligeuka na macho yamemtoka. "Kalia! Dada, kalia!"

Mama akalisukuma boksi chini ya buibui, akatazama mbele kama anasubiri basi. Askari akaja upande wangu. Mjomba tayari alikuwa ameshafungua mdomo, na uongo wake nilikuwa nauona unakuja, mrefu na mzuri. Niliona harusi inaondoka. Nikateremsha kioo, nikasema, "Bwana, kabla hujauliza. Naenda kuoa. Humu ndani kuna jambia la babu yangu, ni la kuvaa harusini. Liko ndani ya boksi, analo mama yangu."

Mjomba akasema kwa Kiswahili, polepole, "Umetumaliza."

Tukateremshwa wote. Mama alitoa boksi kwa shingo upande. "Mwambie asilipindue," akaniambia. Askari akauliza la nini, la nani, kwa nini leo, nami nikajibu nilivyojua, na pale nisipojua nikasema sijui. Akampigia simu mwenye ukumbi. Yule bwana akamwambia ndiyo, huyu kijana alikuja mwenyewe kunieleza, na chakula kinapoa.

Kisha askari akashika mpini alione. Akavuta. Halikutoka. Akavuta tena mpaka kofia ikamkaa upande. Akampa mwenzake, naye akalibana kwapani, akavuta huku amefumba macho. Hakuna kitu. Unyevu wa miaka mingi ulikuwa umekula chuma, na jambia na ala vilikuwa vimeshikana vikawa kitu kimoja. Nami nilikuwa nimezunguka ofisi zote zile kwa ajili yake!

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio, mabega yanamtikisika. "Mwambie," akasema, "marehemu hakuwa mtu wa kutoka na asiyemjua."

Nilipomtafsiria, askari naye alicheka. Akanionya vizuri, kwa sura ya kazi: kisu ni kisu hata kikiwa na kutu, kitiwe kwenye buti mpaka tufike, na honi basi. Mama akalitia kwenye buti kwa mkono wake. "Aende," akasema. "Ni amri ya serikali."

Sitaki nikudanganye. Siku nyingine, kwa askari mwingine, ningeweza kusema kweli ile ile nikalala ndani. Mzee Balwant mwenyewe alikuwa hasikilizwi kila mara. Lakini mjomba angeachwa aseme yake, na boksi likatolewa chini ya buibui, hakuna askari ambaye angecheka.

Mama aliingia ukumbini. Baada ya nikahi nikapelekwa kwa mama yako kumpa mkono, joho limenikaa, jambia kiunoni. Mahali ambapo bibi harusi mwingine angeinamisha macho, yeye aliuliza chini kwa chini, "Kibali?"

"Hakuna, Saumu. Hakipo nchi nzima."

Akashika kiganja changu, akabonyeza kidole gumba chake chenye hina katikati. "Basi muhuri huo."

Miaka yote alikuwa akifanya hivyo akiniona nahangaika na jambo. Hata hospitali, mwishoni, nilipokuwa nawakimbilia madaktari kuomba wanipe neno ambalo hawakuwa nalo, aliniita, akatafuta kiganja changu juu ya shuka. Hakuwa na nguvu, lakini nilikisikia kidole.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, mwanangu. Kibali usikitafute. Mwendee mwenye ukumbi wewe mwenyewe, usimtume mtu. Jambia litie ndani ya boksi lenye kufuli, na boksi kwenye buti, na atakayekataa mwambie ni amri yangu. Mjomba wako akae gari la nyuma. Na ukiulizwa, sema kweli kabla haijavutwa kutoka kwako, hata kama mdomo umekukauka. Ukishaoa fanya hivyo hivyo kwa mkeo. Jambo litoke kwako kwanza, asilikute chini ya kitu.

Mungu akufanyie njia nyepesi. Akupe mke anayekucheka akikupenda, watoto wenye afya, na riziki isiyokulaza macho. Akukalishe naye miaka mingi kuliko niliyokalishwa mimi na mama yako, nami sinung'uniki kwa niliyopewa.

Siku ya harusi yako mimi nitakaa safu ya mbele, na kwenye kiti cha pembeni yangu nitatandika leso ya mama yako. Ukipita na jambia la babu, simama kidogo pale, unipe kiganja.