Jogoo wa Mtani

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu niliua mtu mmoja kwa stensili na wino wa kudurufia, kisha nikamsingizia asiyehusika.

Ilikuwa enzi za ruksa. Maduka ya Singida mjini yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi, mitumba ilikuwa imefika mpaka Iguguno, na basi lilituletea magazeti mapya, yamechelewa siku mbili, yamejaa hadithi za maiti kwenye masanduku na wake waliotia sumu kwenye uji. Vitabu vya shule ndivyo vilikuwa havijafika. Shule yetu, iliyojengwa na wananchi karibu na Misigiri, ilikuwa na nakala mbili za kitabu cha fasihi, na zote zilikuwa zimenyofoka kurasa za mwisho. Kidato cha pili walikuwa hawajui hadithi yoyote inaishaje.

Mimi nilikuwa kwenye majaribio. Mkaguzi angekuja, angekaa nyuma ya darasa langu, na kalamu yake ndiyo ingeamua kama nathibitishwa kazini au narudi mjini kwenye duka la mama, nikapime sukari huku kila mteja akiniuliza zile shule nilizosoma zilikuwa za nini. Duka lile nililiogopa kuliko fisi.

Nikaamua kuandika hadithi yangu mwenyewe, ya kutisha, maana taharuki ndiyo mada ambayo mkaguzi alikuwa ametangulia kutuambia angeisikiliza. Katika hadithi yangu mfanyabiashara tajiri anakufa ghafla baada ya kunywa chai. Msiba unajaa. Mdogo wa marehemu, kijana msomi na mtulivu, anafika kutoka Dar es Salaam, haongei na mtu, anakwenda moja kwa moja kuomba funguo za chumba cha kaka yake ili aweke mambo sawa. Huyo ndiye niliyemkusudia awe shujaa. Halafu kuna mwanamume mmoja mnene. Huyu anacheka. Watu wanalia, yeye amevaa koti la marehemu, anaiga mwendo wake wa kuchechemea, anagomba kama marehemu alivyokuwa akigomba. Msomaji mwenye akili, nilidhani, angejua papo hapo nani alitia sumu kwenye chai.

Huyo mnene sikumtunga. Nilikuwa na miaka minane baba yangu alipofariki kwa ugonjwa wa ini ambao mtaa mzima uliujua. Siku ya pili ya msiba nilimwona uani kwetu mtu mnene amevaa kanzu na kofia ya baba, anachechemea kama baba, anapima mchanga kwenye mzani wa dukani huku ameubonyeza kwa kidole gumba, na anasema kwa sauti ya baba kwamba mzani haudanganyi. Wanawake waliokuwa wakilia walishika mbavu wakacheka. Mimi nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote. Kila Idi alipopita kutusalimia, nilijificha stoo. Nilipohitaji mwuaji, nilikuwa naye tayari.

Siku ya ukaguzi ikafika. Mkaguzi alikuwa mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikaa nyuma pamoja na mkuu wa shule, akafungua daftari. Hadithi ilikuwa imesomwa tangu juzi yake, kwa hiyo nikaingia kwenye uhakiki bila kupoteza muda. Nikauliza: nani mwuaji, na tabia gani za mhusika huyo zinatuonyesha hivyo?

Mikono yote ikapanda. Nilifurahi sana, nikamteua binti wa dawati la mbele, mtoto wa mkulima wa alizeti, ambaye hakuwahi kukosea swali.

Akasema mwuaji ni mdogo wa marehemu.

Nikacheka kidogo, kicheko cha mwalimu, nikamwomba asome tena aya ya tatu. Akasema ameisoma. Kijana ametoka safari, wazee wamekaa uwanjani, hajampa hata mmoja shikamoo. Hajaketi, hajala, hajauliza kaka yake aliumwa nini. Anauliza funguo. Darasa likaguna kwa pamoja, kama baraza lililokwisha kukata shauri. Mwingine akaongeza kwamba mtu asiyeshangaa kifo ni yule aliyekuwa anakijua kabla.

Nikauliza, na huyu anayecheka je? Amevaa koti la marehemu, anamwiga mbele ya mjane.

Wakanitazama kwa huruma. Binti yule akasimama tena, akasema polepole ili nielewe: "Mwalimu, huyu ni mtani. Yuko kazini."

Si kwamba utani sikuujua. Sokoni nilitaniwa kila wiki na wauza karanga. Hata misibani mjini nilishawaona watani wakiwachekesha wafiwa na kulala mlangoni hadi wapewe chochote. Lakini ile picha ya uani kwetu nilikuwa nimeifungia tangu nikiwa na miaka minane, na sikuwahi kuitoa nikaitazama kwa macho ya mtu mzima. Nikageukia maandalio yangu ya somo. Kwenye dhamira nilikuwa nimepanga waandike "unafiki katika jamii". Bila kuulizwa, wao walishaandika "umuhimu wa mtani katika msiba".

Ndipo mkaguzi akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikamruhusu, ningefanyaje.

Akauliza, "Huyo mtani alipewa kuku wake?"

Nikakiri kwamba katika hadithi hakupewa kitu, anakamatwa na polisi. Darasa likasikitika waziwazi, na mkuu wa shule akafunika uso.

Baada ya kipindi mkaguzi aliniita chini ya paa la ofisi. Akasema darasa linajua kuhakiki kuliko alivyotarajia, na hiyo ni kazi yangu. Lakini mhusika yule, akasema, anachukiwa na mwandishi tu, hadithi yenyewe haina ugomvi naye. Akaniuliza nilimtoa wapi. Nikamweleza ukweli, kanzu, mzani na kidole gumba. Kisha akasema atapita tena baada ya wiki mbili, nami niwe na mwisho mwingine, ndipo atasaini.

Jumamosi nikaenda mjini kumwuliza mama habari za yule mnene. Alicheka mpaka akakaa. Ukoo wa yule mzee na ukoo wa baba ni watani tangu mababu, akasema, na sasa yuko Shelui, anaziba pancha za malori. Nikamlaumu kwa nini hakuniambia. "Uliuliza lini?" akasema. "Ulikuwa unanuna tu."

Kuthibitishwa nilithibitishwa, nisimweke msomaji roho juu; taharuki nimeifundisha vya kutosha. Lakini kabla ya hapo nilinunua jogoo, nikampakata ndani ya lori mpaka Shelui, akanidonoa njia nzima.

Mzee hakuwa mnene tena. Alikuwa ameinama juu ya tairi, na kofia ya baba kichwani niliijua kabla sijamjua yeye. Nilimpa shikamoo. Akaitika marahaba, akanitazama, akamtazama jogoo. Akampokea, akampapasa kifua.

"Amekonda," akasema. "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba yako naye alikuwa bahili hivi hivi."

Nikaanza kuomba radhi, kwa yale ya stoo na kwa mengine ambayo yeye hakuyajua. Alinikatiza kwa mkono wenye grisi.

"Siku ile niliwachekesha wote, hata mama yako," akasema. "Wewe tu ulinishinda. Nilirudi nyumbani nikalia, nikajua kazi sijaimaliza."

Akaniwekea jogoo mikononi, akaiweka sawa kofia, akaanza kuchechemea kuzunguka tairi, anabonyeza hewa kwa kidole gumba, anasema kwa sauti niliyokuwa nimeisahau kwamba mzani haudanganyi. Nilicheka, machozi yananitoka, mbele ya madereva wote wa malori, mpaka jogoo akanichopoka akakimbilia barabarani, na mimi na mtani wangu tukamfukuza.