Kofia za Löwenthal Ukutani kwa Roswitha

Roswitha Habermehl alikuwa mwoka mikate katika mji wa Kijerumani wa Weidenrod, na mji mzima ulijua kwamba ulimi wake ulichoma kuliko tanuri lake. Alipofiwa na mumewe, Eckhard, watu walidhani atauza duka ahamie kwa dada yake. Yeye alizika, akawapa waombolezaji kahawa na keki, na kesho yake alfajiri akafungua mlango kama kawaida, gauni jeusi limejaa unga.

Mwaka aliotimiza sitini na sita alimwita fundi rangi aje kuukwangua ukuta wa mbele, unaotazama uwanja wa soko. Chini ya rangi ya kijani, herufi zikaanza kuchungulia. Kwanza neno "Kofia", kisha jina: S. Löwenthal.

Roswitha alitoka akasimama barabarani, mikono kiunoni. Jina hilo alilijua. Mama yake alizoea kumsimulia habari za Siegmund Löwenthal, muuza kofia asiyejua kumdanganya mteja: kama kofia ilikufanya ufanane na uyoga, alikwambia umefanana na uyoga, akaileta nyingine. Lakini mama mkwe wake, kila alipoulizwa nyumba hii waliipataje, alikuwa na jibu moja tu: kula, supu inapoa.

Kabla ya mchana Gernot alishafika. Gernot alikuwa binamu wa marehemu Eckhard, na mwenyekiti wa kamati ya kupendezesha mji.

"Shemeji, Jumamosi tuna sherehe hapa uwanjani," alisema. "Waambie wapake rangi haraka. Watu wataingia kwako kutafuta kofia."

"Waingie. Watatoka na mkate."

"Mambo ya zamani hayo. Ya nini kuyafukua?"

"Sijafukua kitu, Gernot. Nimekwangua rangi, mwenye nyumba akachungulia."

Roswitha akamwagiza fundi apake ukuta wote, azizunguke herufi kama mtu anayemwogesha mtoto mwenye kidonda.

Watani wa mji hawakulaza damu. Kila asubuhi alitokea mmoja wa kuagiza mikate midogo miwili na kofia ya kichwa kikubwa. Roswitha aliwajibu bila kuinua macho: mikate hii hapa, mwenye kofia mlimfukuza. Mtani aliondoka na mikate yake akitazama ncha za viatu, na utani ukaisha wenyewe.

Jibu hilo lilimrudia hata yeye. Alianza kuwauliza wazee waliobaki, mmoja mmoja, huku akiwalainisha kwa keki ya tufaha. Akaambiwa kwamba Siegmund aliimba sauti nzito katika kwaya ya mji mpaka walipomtoa kwa kuwa ni Myahudi. Ludwig, mwanawe, alikimbilia Haifa mapema. Vioo vya duka vilipovunjwa, baba yake Eckhard aliinunua nyumba kwa bei anayopewa mtu aliyekabwa koo. Miaka michache baadaye Siegmund na mkewe Johanna walipandishwa treni mchana kweupe, majirani wakitazama, wakapelekwa mashariki kuuawa. Roswitha alikuwa amelala chumbani mwao tangu aolewe. Siku aliyoyasikia hayo alikihamishia kitanda chake chumba cha nyuma, penye joto la tanuri na kelele za mashine.

Picha ya ukuta ilitoka gazetini, na gazeti lina miguu. Ijumaa moja aliingia dukani mwanamke mfupi, mwenye mvi, akaomba berches, ule mkate wa kusokotwa wenye mbegu za popi juu. Aliomba kwa lafudhi ya Weidenrod ya kale, ambayo vijana wa mji walikuwa wameshaisahau.

"Umetokea kijiji gani, dada?" Roswitha aliuliza.

"Haifa. Mimi ni Tamar, binti wa Ludwig Löwenthal. Baba alinifundisha kusema hivi. Niliamini ndicho Kijerumani chenyewe, mpaka nilipofika uwanja wa ndege, wakanicheka."

Gernot, aliyekuwa kwenye foleni, alitaka kuonyesha ukarimu. Akamweleza mgeni kwamba berches ni mkate wa jadi wa Weidenrod, unaookwa kila Ijumaa tangu enzi za mababu.

"Mababu zangu," Tamar alisema. "Huo ni mkate wetu wa Sabato, bwana. Nyie mmeuhifadhi tu. Na mbegu mmezibania."

Roswitha alicheka mpaka akakalia gunia la unga, na katikati ya kicheko akajikuta analia. Tamar alizunguka meza ya kuuzia, akaketi karibu naye. Foleni ikasubiri bila mtu kusukumana, jambo lisilo la kawaida Weidenrod.

Gernot alitoka bila mkate wake. Alirudi baada ya muda akihema, amekumbatia kioo kirefu chenye fremu ya mti wa mjozi. Bibi yake alikinunua kwenye mnada, vitu vya akina Löwenthal vilipouzwa palepale uwanjani, na tangu hapo kilikuwa ukumbini kwao. Alikiegemeza ukutani. "Cha babu yako," alimwambia Tamar.

Tamar alijitazama mbele, akajitazama kwa ubavu. "Babu yangu hakumdanganya mtu," alisema, "lakini kioo chake kinanenepesha."

Roswitha alishauri kitundikwe dukani, watu wakione. Tamar akakataa: ukuta unatosha kuwakumbusha, kioo ni cha nyumbani na yeye anakwenda nacho. Hakuna aliyembishia. Wakakifunga kwa magunia ya unga, kisha Gernot akampeleka na kioo chake uwanja wa ndege wa Frankfurt, akiendesha polepole kuliko siku zote, akiuliza kila kona kama kioo kimekaa vizuri.