Ukurasa wa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa kifafa tangu utoto. Nilimjua hivyo, nikamkubali hivyo. Alikuwa karani kwenye ghala la kampuni ya migodi pale Likasi, na kila mwezi hospitali ya kampuni ilimpa vidonge vyake vyeupe. Alimeza kimoja kila jioni baada ya kula, akaishi kama watu wengine.

Halafu kampuni ikaanza kuanguka. Mishahara ilikatika, na siku moja muuguzi wa hospitali akatuonyesha kabati tupu. Akatuandikia karatasi ya dawa, akasema, "Mutafute mu ville."

Nilizunguka farmasi za mjini siku nzima. Ya mwisho ilikuwa chumba kimoja karibu na soko, ya mama mmoja mzee mwenye asili ya Kasai, aliyezaliwa Likasi baba yake alipokuja kufanya kazi ya mgodi. Alikuwa muuguzi kabla ya kufungua farmasi. Alisoma karatasi yetu polepole, kisha akamtazama mume wangu, si mimi.

"Papa, ulianguka lini mara ya mwisho?"

Mume wangu aliona haya. Kanisani kwetu walikuwa wamemwekea mikono mara nyingi, wakikemea pepo, naye alizoea kusemewa na wengine. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba ilikuwa kabla ya mvua.

"Muzuri. Sala, endelea kusali. Lakini kinini, hii dawa yako, usiache na siku moya. Ukiacha gafula, ugonjwa inarudia na nguvu."

Akafungua daftari la shule, akampa mume wangu ukurasa wake. Aliandika dawa, kipimo, na siku ya kurudi. Tangu hapo, hata dawa zilipokuwa haba, alitutengea zetu mapema. Tukichelewa siku mbili, alituma mtu kuuliza kama tuko wazima. Mume wangu alipenda kwenda kule mwenyewe. Alirudi akicheka, kwa sababu yule mama alimgombeza kwa kukonda kana kwamba ni mwanawe.

Kisha ukaja wakati watu wa Kasai walipofukuzwa mjini, hata waliozaliwa hapo, wakiambiwa warudi mkoa wa baba zao. Majirani tuliokaa nao miaka yote walilala hawajui kesho yao. Nilikwenda farmasi nikakuta mlango umevunjwa, rafu ziko chini, na vipande vya chupa vinalia chini ya viatu vyangu. Nyumbani tulibaki na vidonge tisa.

Mume wangu alitaka kuvikata nusu nusu. Nilikataa. Asubuhi yake nilipika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikafunga kwenye kitambaa, nikashuka stesheni walikojaa wanaofukuzwa. Watu walikuwa wameketi juu ya mizigo yao hadi kando ya reli, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itafika siku gani. Nilimtafuta yule mama wa farmasi mpaka jua likawa kali. Nilimkuta chini ya shuka iliyofungwa kwenye miti miwili, miguu imevimba.

Nilianza kulia. Yeye hakulia. Aliuliza, "Bwana yako iko na kinini ya siku ngapi?"

"Tisa, mama."

Akavuta mfuko wake. Ndani hamkuwa na sahani wala picha, au labda zilikuwa chini. Juu kulikuwa na daftari. Akalifungua, akachana ukurasa wa mume wangu taratibu, akifuata mshono ili maandishi yasikatike. Akaongeza mistari michache.

"Peleka kwa masista, ku dispansere yao. Wako nayo. Wakiona hii, hawatauliza mingi."

Nilimwomba msamaha, sijui kwa niaba ya nani. Akasema, "Weye haukunifukuza, mutoto yangu. Leta ile bukari, niko na njaa."

Tulikula pamoja kwa mkono. Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa masista. Sista alisoma ukurasa, akauliza jina tu, akanihesabia vidonge vya mwezi.

Jioni ile mume wangu alimeza chake, akavaa shati lake la kazini, akaenda stesheni na turubai letu. Wengine walimkataza, wakisema ataonekana akiwasaidia watu wa Kasai. Alilifunga turubai juu ya yule mama, akakaa naye mpaka giza lilipoingia.

Tulimpelekea chakula karibu wiki tatu. Asubuhi moja tulikuta pale alipokuwa ni majivu ya jiko tu. Treni ilikuwa imeondoka alfajiri. Mume wangu alisimama kwenye reli muda mrefu, sufuria mkononi. Baadaye aliita familia moja iliyokuwa jirani ya yule mama, iliyokosa nafasi kwenye treni ile, akawapa kile chakula.

Hatukupata habari zake tena. Mume wangu hakuanguka mwaka ule wote.