Mwanamume Katika Chumba cha Kuzalia

Siku yangu ya kwanza kazini hospitalini, Metroni, yaani mkuu wa wauguzi, aliisoma barua yangu mara mbili, kisha akavua miwani. "Mimi niliahidiwa Salma," alisema.

"Ni Salimu, Metroni."

"Na unatetemeka."

Nilikuwa nikitetemeka kweli. Nyinyi vijana mnaosomea uuguzi leo mwawakuta wanaume katika wodi ya wazazi mkaona ni jambo la kawaida. Wakati wetu nilikuwa peke yangu. Mama, pale nyumbani Kibokoni, aliniambia, "Mwanangu, uzazi ni wa wanawake. Mwanamume huitwa mtoto akishatoka, akamwadhinie." Baba, aliyekuwa fundi mwashi, aliwaambia wenzake barazani kwamba nafanya kazi ya dawa.

Metroni, mama wa bara mwenye sauti nzito, alinifundisha kupapasa tumbo nijue kichwa cha mtoto kiko wapi, na kuijaza chati ya uchungu, yaani karatasi inayoonyesha njia ya uzazi imefunguka kiasi gani. Alinifundisha kulingoja kondo la nyuma litoke bila kulivuta kwa pupa. Kuondoa hofu hakunifundisha. Nikitembea mjini nilikuwa nikigeuka nyuma kila mara, kwa sababu siku moja pale Mwembe Tayari mtu nisiyemjua alinikamata ukosi akaniuliza, "Wewe ndiye uwafunuaye wake zetu?" Alinizaba kofi, kofia ikaenda zake.

Baadaye nilihamia zahanati ndogo ya mtu binafsi, huko Majengo. Mkubwa wetu tukimwita Tabibu, mtu mpole asiyependa kelele. Amri yake kwangu ilikuwa moja: "Salimu, usimguse mwanamke mpaka mwenyewe aruhusu." Mwenyewe, katika zahanati ile, alikuwa mume.

Asubuhi moja mwanamke alijifungua salama, kisha damu ikaanza kutoka na haikukoma. Mwenzangu wa kike aliyemzalisha alikuwa ameshaondoka na gari, akimpeleka mgonjwa mwingine hospitali. Nikavaa glavu. Shangazi wa yule mwanamke akasimama mlangoni. "Mngojeni mumewe," alisema. Mume alikuwa kibaruani. Mtu akatumwa kwa miguu kumwita.

"Ngoja, Salimu," Tabibu akaninong'oneza. "Usituletee fujo."

Nikangoja. Mwanamke alikuwa akinitazama, nami nikiitazama saa ya ukutani. Mume alipofika akihema, akilia, "Fanyeni! Fanyeni lolote!" mkewe alikuwa ameshakata roho. Yule bwana hakunitukana. Aliitazama mikono yangu tu. Glavu zilikuwa safi.

Tangu siku hiyo niliogopa mambo mawili: kugusa na kutogusa. Sikujua lipi lingenimaliza.

Miaka ikapita, simu za mkononi zikaingia, lakini amri ya Tabibu ikabaki pale pale. Ndipo akaletwa Zuhura, mshonaji nguo, mimba yake ya kwanza. Aliyemzalisha alikuwa mkunga mwenzangu, naye akakimbilia chumba cha pili, ambako mtoto mwingine alikuwa akitoka ametanguliza miguu. Hapo damu ya Zuhura ikafunguka. Sindano ya kuukaza mji wa uzazi haikufaa kitu. Mavyaa wake, mama wa mumewe, akajitanda mlangoni.

"Mwanamume hapiti hapa!"

Simu ya mume iliita, ikaita, haikushikwa. Nikapita chini ya mkono wa yule mama, nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Naitwa Salimu, mkunga. Unatoka damu nyingi. Ili niizuie, itanibidi nitie mkono ndani. Waniruhusu?"

Zuhura alifumbua macho. "Waniuliza mimi?"

"Wewe. Mwenyewe ni wewe."

"Fanya," alisema. "Nataka kumlea mwanangu."

Nikavaa glavu, nikatia mkono, nikakunja ngumi, na kwa mkono wa pili nikasukuma tumbo kutoka nje, nikaubana mji wa uzazi katikati. Huku nyuma mavyaa alikuwa akinipiga mgongoni kwa kandambili. Sikugeuka. Mikono ilikufa ganzi. Nilikuwa nikihesabu pumzi za Zuhura, nikiogopa ile itakayofuata isije. Baada ya muda kandambili zikanyamaza. Nilipoinua macho, yule mama alikuwa amekishika kichwa cha mkwewe, akimsomea dua. Kisha chini ya kiganja changu nikahisi mji wa uzazi ukikaza, mgumu kama chungwa.

Siku ya nne mume, Omari, alikuja na ndugu zake wawili. Tabibu akaniita ofisini. "Salimu, yamekufika," alisema, akafunga dirisha.

"Nani alikupa ruhusa?" Omari aliuliza. Alikuwa amesimama karibu sana nami.

"Mimi," ilijibu sauti mlangoni. Zuhura alikuwa amekuja kwa miguu yake, buibui limemlegea, ameegemea bega la mavyaa wake.

"Uliniuliza?"

"Nilikupigia, hukushika simu. Na hata ungeishika, Omari, aliyekuwa akifa ni mimi."

Omari akamgeukia mama yake, akitafuta msaada.

"Keti, mwanangu," mama alimwambia. Akaketi. Ndugu zake wakawa wanaangalia viatu vyao.

Tabibu hakunipongeza. Aliniambia tu kwamba nina bahati. Lakini tangu hapo sikumngoja mume tena, wala Tabibu hakunikumbusha amri yake.

Sasa nimestaafu. Wengi huniuliza kama hofu iliisha. Haikuisha, hata siku yangu ya mwisho ilikuwapo. Asubuhi hiyo nilimwendea binti mmoja aliyekuwa katika uchungu, nikamtajia jina langu, nikamwomba ruhusa. Akatikisa kichwa. "Sikutaki," alisema. "Nataka mwanamke."

Nikamwita mwenzangu, nikavua glavu, nikatoka. Kwenye benchi la nje mumewe alikuwa ameketi, vidole vyake vikicheza. Alinisogelea, akaninong'oneza, "Huko ndani kuna nini, mzee?"

"Sijui," nilimjibu. Nikaketi kando yake, tukaogopa pamoja.